Sebule na Chumba cha Ndani

Jumatatu, 3 Machi

Babu, mume wangu asiye na meno,

Shikamoo. Mwambie Bibi asinune. Nikija likizo nitamwoshea vyombo vyote, wewe nitamwachia. Ningekupigia simu, lakini masikio yako siku hizi husikia simu kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati, kwa hiyo naandika.

Huku kazini hakuna mazungumzo mengine. Serikali inataka kulifuta Baraza la Juu, libaki Baraza la Chini peke yake. Mimi, kama ujuavyo, hukaa chini ya kiti cha Spika wa Baraza la Chini na kuandika kila kinachosemwa, neno kwa neno, ndiyo maana ukaniita Kasuku. Basi nimeandika maneno ya kutosha wiki hii kuhusu hao wazee wa juu: kwamba wanasinzia, kwamba posho zao zingejenga zahanati, kwamba nchi haiwezi kuwa na vichwa viwili.

Nikuambie ukweli? Mimi nakubaliana nao. Najua ulikuwa Katibu wa Baraza la Juu hadi ulipostaafu, na najua utakunja uso. Lakini Babu, ni wazee haohao waliokalia mswada wa urithi wa wajane hadi Shangazi akafukuzwa kwenye shamba la marehemu mumewe. Sisi wa chini tuliupitisha. Wa juu wakauweka chini ya makalio. Baraza la namna hiyo la nini?

Chaki naye anauliza. Mdogo wangu yuko vilevile, shati limejaa vumbi la ubaoni, mfukoni hana hata nauli. Anafundisha uraia kidato cha nne na anasema kitabu cha shule kimeeleza mabaraza mawili kwa sentensi moja na nusu. Tueleze wewe, lakini kwa ufupi. (Najua hutaweza.)

Mke wako mdogo,
Kasuku

*

Jumamosi, 8 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Bibi amesoma ule mstari wa vyombo na amecheka mpaka akakohoa. Anasema mume anakugawia bure, ila umchukue pamoja na dawa zake za magoti.

Umeomba ufupi. Ungeniomba nicheze mpira ningejaribu. Ufupi siuwezi.

Anza na nyumba. Masikini mwenye chumba kimoja ana raha zake. Anafagia mara moja, anawasha taa moja, na kikipotea kitu anajua kimepotea wapi. Bunge la baraza moja ni hivyohivyo. Ni rahisi kulilipia. Sheria hutoka upesi, na mwananchi akiumizwa anajua aliyemuumiza ni nani, hakuna wa kusingizia mwenzake. Nchi nyingi ndogo, zenye watu wanaofahamiana, zinaishi vizuri kwa chumba kimoja, na mtu asikudanganye kwamba huko hakuna uhuru.

Sasa hasara yake. Mgeni akipiga hodi kwenye nyumba ya chumba kimoja, ukimkaribisha tu, ameshafika kitandani. Hakuna pa kumkalisha kwanza umtazame usoni. Nyumba yenye sebule na chumba cha ndani ina hiyo nafuu: mgeni hukaa sebuleni, hupewa maji, huulizwa habari za atokako, na wewe ndani unapata muda wa kuvaa shati na kufikiri. Mswada nao ni mgeni. Husomwa mara tatu kama hodi inavyopigwa mara tatu, na kila hodi ni nafasi ya mwenye nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya baraza la pili. Wengi hudhani liko pale ili liwe na hekima kuliko la kwanza. Sivyo. Nimekaa nao miaka mingi na hekima sikuiona ikizidi kiasi cha kawaida. Liko pale ili kuwe na muda.

Pia kuna habari ya majimbo. Baraza la Chini huhesabu vichwa, kwa hiyo jimbo lenye watu wengi hulimeza lenye wachache. Kule juu kila jimbo hukaa sawa na mwenzake.

Kuhusu Shangazi yako sitakukatalia. Sebule hiyohiyo inayomchelewesha mwizi humchelewesha na daktari. Wale wazee walikuwa na mashamba, na mtu mwenye shamba haoni haraka ya mjane. Nilikuwepo, niliwaona, na nilitamani siku ile nyumba iwe na chumba kimoja.

Kwa hiyo mwambie Chaki hivi: kabla hujabomoa ukuta, uliza anayetaka ubomolewe ana haraka ya kufika wapi.

Mumeo wa zamani,
Babu

*

Jumatano, 12 Machi

Babu,

Shikamoo. Barua yako ilifika. Asante kwa maelezo. Sisi wazima. Kazi ni nyingi. Chaki amesafiri kikazi, atachelewa kidogo kurudi, kwa hiyo msihangaike msipomsikia.

Nina swali moja tu. Mswada ukitoka kwetu kwenda Baraza la Juu, huchukua muda gani? Unaweza kupita siku moja? Na kuna njia yoyote ya kuuchelewesha?

Msalimie Bibi.

Kasuku

*

Ijumaa, 14 Machi

Mjukuu wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Hukunitania hata mara moja. Hukumuuliza Bibi hali ya magoti. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia hivi, hata ule mwaka uliofeli hesabu.

Walimu hawasafiri kikazi katikati ya muhula. Chaki yuko wapi?

Babu

*

Jumatatu, 17 Machi

Babu,

Nisamehe. Nilidhani nikificha nitawapunguzia. Bibi asiisome hii kabla yako.

Chaki alipenda barua yako mno. Aliichukua kwangu, akatunga swali la mtihani wa majaribio: "Linganisha bunge la baraza moja na bunge la mabaraza mawili. Lipi linafaa nchi yetu? Toa sababu." Na kwenye mwongozo wa kusahihisha akaweka maneno yako, ya sebule na ya mgeni kufika kitandani, na lile la mwisho, "uliza anayetaka ubomolewe ana haraka ya kufika wapi." Mwanafunzi atakayefikia hapo apewe alama zote.

Wanafunzi wengi walifikia hapo.

Mkaguzi wa elimu alikusanya karatasi. Siku ya pili yake watu wawili waliingia chumba cha walimu wakati wa chai. Mwalimu mwenzake ananiambia Chaki aliuliza kama anaweza kumaliza kusahihisha. Wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, sasa wewe ndiye utakayesahihishwa."

Yuko kituo kikuu cha polisi. Nimemwona mara moja, kupitia dirisha lenye wavu. Alinitania, Babu, lakini midomo yake ilikuwa imevimba na sikuelewa utani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye shingo yake. Hakimu amewaambia polisi kwamba kutunga swali si kosa katika sheria yoyote aijuayo. Amewapa hadi Ijumaa ya tarehe 28, asubuhi. Wasipoleta shtaka, anamwachia. Tukashukuru Mungu.

Lakini wiki iliyopita Serikali ilileta Mswada wa Utulivu. Ni mnene kama tofali, viambatisho juu ya viambatisho: aina za mikutano, aina za vipaza sauti, rangi za vibali. Na katikati ya kiambatisho kimojawapo, ambako hakuna afikaye, kuna kifungu kisemacho kwamba mtu yeyote aliye mikononi mwa polisi siku sheria inapoanza atabaki humo kwa amri ya Waziri, na mahakama haitamuuliza Waziri neno. Baraza letu liliupitisha mchana mmoja, hodi zako zote tatu zikipigwa kwa pumzi moja. Mimi ndiye niliyeandika. Mkono wangu ndio ulioandika "umepita."

Utafika Baraza la Juu Alhamisi ya tarehe 27. Ukipita siku hiyo, utasainiwa jioni, na Ijumaa asubuhi hakimu hatakuwa na mamlaka juu ya Chaki.

Ninaogopa, Babu. Mkuu wetu wa kitengo ametuagiza kwamba sauti ikisikika nyuma ikisema "hapana," tusiandike "hapana," tuandike "minong'ono." Dawati la jirani yangu lina siku kadhaa halina mtu na hakuna anayeuliza. Wote tunalizunguka kama shimo.

Wewe ulikuwa Katibu kule. Fanya jambo.

Kasuku

*

Jumatano, 19 Machi

Mjukuu wangu,

Nimepata barua yako. Kuhusu mambo ya Bunge, mimi ni mstaafu na sina la kusema. Kwa kweli nimefikiri upya. Nchi yetu inakua, na nchi inayokua inahitaji bunge moja lenye kasi. Baraza la Juu limekuwa mzigo. Serikali inajua ifanyalo.

Kuhusu mdogo wako, sheria ifuate mkondo wake. Kama hana kosa, haki itaonekana. Maneno aliyoandika ni yangu mimi, mzee mpenda porojo, na anayetaka kuuliza juu yake aje aniulize mimi.

Usiniandikie tena habari za siasa. Bibi yako hajisikii vizuri, na Shangazi yako atakuja mjini kumtafutia dawa.

Babu yako

*

Ijumaa, 21 Machi

Babu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, nikakaa palepale.

Nilikuwa nikiwaambia watu, babu yangu alisoma kila mswada wa nchi hii, kila neno, na hakuna waziri aliyemtisha. Kumbe kumtisha ni rahisi hivi. "Haki itaonekana"! Njoo uione midomo ya mjukuu wako. "Nchi inahitaji kasi"! Maneno hayo nayaandika kila siku kutoka vinywani mwa watu wanaolipwa kuyasema. Wewe umelipwa nini?

Sitakuita mume tena. Mume gani huyu anayejificha uvunguni mkewe akipiga kelele?

Mwambie Bibi nampenda. Wewe kaa na kasi yako.

Kasuku

*

Alhamisi, 20 Machi
(kwa mkono wa Shangazi)

Mke wangu mdogo,

Kama umeshaniandikia matusi, sijayapokea, lakini yamenifika. Nilijua utayaandika. Ningekudharau usingeyaandika.

Barua yako ya tarehe 17 ilifika ikiwa imefungwa upya kwa gundi. Gundi ya bahasha zako ni nyembamba. Hii ilikuwa imejaa mpaka pembeni kama uji uliofurika. Na kabla sijaifungua, karani wa posta, kijana mwema niliyemfundisha sala akiwa mtoto, aliniuliza bila kunitazama, "Mzee, mwalimu wenu amepata nafuu?" Ile barua niliyokutumia jana sikukuandikia wewe. Nilimwandikia anayezifungua. Wewe nakuandikia hii, na nampa Shangazi yako, ambaye ataishona ndani ya pindo la gauni lake. Nilimwambia ni hatari. Akasema, "Baba, mimi nilishafukuzwa shambani. Wataninyang'anya nini tena, gauni?"

Sasa tulia usome polepole.

Zamani, Baraza la Juu lilipoanza, wajumbe wengi hawakujua kusoma. Walikuwa watu wa heshima kwao, lakini karatasi kwao ilikuwa karatasi. Wakaweka desturi: mjumbe yeyote akisimama na kusema "Isomwe," Katibu ni lazima auchukue mswada na kuusoma wote kwa sauti, tangu jina hadi kiambatisho cha mwisho, na hakuna kura hadi kikao kinachofuata, ili waliousikia wakalale nao. Kikao hufungwa jua likizama. Desturi hiyo ikaandikwa kwenye kanuni, na kwa kuwa baadaye wote walikuwa wasomi, ikasahauliwa. Baraza lenu la Chini liliifuta zamani, kwa ajili ya kasi. La Juu halikuwahi kuifuta. Hakuna aliyekumbuka kwamba ipo ya kufutwa.

Unaona walivyokosea? Wameuficha ule upanga ndani ya nyasi nyingi. Mswada wa kurasa chache ungesomwa kabla ya chakula cha mchana, wakatafuta ujanja wa kufungua kikao kingine jioni. Lakini wameuandika mnene kama tofali. Kuusoma wote, kwa mwendo wa Katibu mwenye adabu, ni Alhamisi nzima.

Katibu wa sasa nilimlea mimi. Ni mwoga, lakini ni mwoga wa kanuni kuliko wa mawaziri. Akisikia neno hilo, atasoma.

Kinachokosekana ni wa kulisema. Mimi siwezi kumwandikia mjumbe yeyote, nyote mngeumia. Mtafute Mkunga. Ndivyo tunavyomwita, kwa kuwa alizalisha nusu ya jimbo lake kabla ya kuingia Barazani. Utamwona amesinzia. Hasinzii. Anafumba macho ili wasimchoshe.

Ninaogopa kukutuma, mjukuu wangu. Nimekaa na kalamu hewani muda mrefu kabla ya kuandika mstari huu. Ukiona hatari, rudi. Chaki mwenyewe angekuambia urudi.

Ichome hii.

Mumeo,
Babu

*

Ijumaa, 28 Machi, alasiri
(kwa mkono wa Shangazi)

Babu, mume wangu, baba wa watu wote,

Kwanza niombe msamaha. Ile barua ya matusi ilishaondoka Shangazi alipofika. Kama hujaifungua, usiifungue, iwashie jiko. Kama umeifungua, nipige nikija.

Nilimpata Mkunga Jumatatu kwenye chumba cha kunawia cha wanawake, kile kilicho katikati ya mabaraza mawili ambacho sote tunakitumia. Nilifungulia mabomba yote. Akanitazama kwenye kioo.

"Binti, unataka kutuzamisha?"

"Mama, mimi ni mjukuu wa Katibu wa zamani."

"Yupi? Yule aliyekuwa akisoma kumbukumbu za kikao kama anatafuna muwa?"

"Huyohuyo."

"Nilikuwa nalala vizuri sana yeye akisoma." Akaendelea kunawa. "Anasemaje?"

Nikamwambia lile neno moja, na kwa nini. Nilidhani nimejimaliza. Kisha akafunga bomba, moja baada ya jingine.

"Mdogo wako ana miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Huenda nilimpokea mimi," akasema. "Nenda kazini, na usinisalimie tena hadi mambo haya yaishe."

Hakusema ndiyo, Babu. Siku zote hadi Alhamisi sikujua.

Alhamisi tulikuwa kitengoni kwetu, ambako huandikwa na ya Baraza la Juu, tukisikiliza kwenye kipaza sauti cha ukutani. Waziri alikuja mwenyewe kule juu kuusindikiza mswada. Spika wao akauliza kama kuna mjumbe mwenye neno, kwa ile sauti ya kutotaka jibu. Nikahesabu Chaki amekwisha. Halafu nikasikia kiti kikikwaruza.

"Isomwe."

Waziri akacheka. "Mama, nakala unayo mbele yako."

"Ninayo, mheshimiwa. Macho yangu ndiyo sinayo. Masikio bado mazima."

"Tunasomewa kama watoto wa chekechea?"

"Mimi nimewatoa wengi tumboni, mheshimiwa, na sijaona hata mmoja aliyeumizwa na kusomewa."

Mtu mmoja akacheka, akakatiza katikati, kama aliyefunikwa mdomo. Spika akamwuliza Katibu kama kanuni hiyo ipo. Nilikuwa nasikia karatasi zikigeuzwa. Kisha Katibu wako akasema, sauti ikiwa ndogo kama ya mtu aliye kisimani, "Ipo, Mheshimiwa Spika. Haijafutwa."

Akaanza kusoma. Vibali. Rangi za vibali. Vipaza sauti. Mchana ukaja, akaendelea. Waziri alitoka, akarudi na watu waliosimama ukutani. Tulisikia viatu vyao. Akamwambia Spika asimamishe upuuzi huo. Mkuu wetu wa kitengo akaacha kutafuna kalamu yake. Spika akasema neno moja tu: "Endelea." Katibu alipofika kile kifungu cha walio mikononi mwa polisi, alikisoma kwa mwendo uleule wa rangi za vibali. Ndipo wajumbe waliokuwa hawajui wakajua. Ukasikika mguno. Mkuu wetu akatuangalia sote. Binti wa mwisho wa safu, yule mnyamavu, akaandika "mguno." Hakuandika "minong'ono." Mkuu akaiona karatasi, akaigeuza, akaondoka kwenda kunywa maji.

Jua likazama akiwa bado anasoma kiambatisho cha mwisho. Alimaliza huku taa zikiwashwa, Spika akafunga kikao.

Leo asubuhi hakimu aliuliza shtaka liko wapi. Halikuwepo. Akamwachia. Chaki alitoka akichechemea, akiwa na kiatu kimoja. Nikamuuliza kingine kiko wapi, akasema, "Nimewaachia wakisahihishe."

Tulicheka barabarani kama wehu, kisha nikaanza kulia, kwa sababu saa hiyohiyo kengele ya Baraza la Juu ililia. Walikutana upya adhuhuri. Mswada wa Utulivu umepita. Baada yake wameletewa ule wa kulifuta Baraza lenyewe, nao wameupitisha, wakapeana mikono, wakatoka. Aliyesema hapana ni Mkunga peke yake, na nimesikia hakurudi nyumbani kwake. Ijumaa ijayo kutakuwa na chumba kimoja.

Polisi sasa wana sheria, na wanamtaka tena. Chaki hayuko kwangu. Shangazi anaondoka naye kwa njia anazozijua yeye, pamoja na barua hii. Babu, sikujua pengine pa kumpeleka.

Kasuku

*

Jumapili, 30 Machi, asubuhi

Kasuku wangu,

Nilipokea barua zako zote, ile kali ikiwa ya kwanza. Niliifungua. Imeandikwa vizuri sana. Bibi anasema hata yeye, kwa miaka yote hii, hajawahi kunitukana kwa mpangilio mzuri hivyo.

Yule mgeni alifika salama jana. Alikula, akalala chumba cha ndani, kitandani kwetu, sisi tukalala chini. Asubuhi alikuwa anamfundisha Bibi yako tofauti ya kanuni na sheria, na Bibi anajifanya haelewi ili asiache kusema.

Ningekuandikia kwa utulivu kesho, lakini huenda kesho nisipate kalamu. Watu watatu wako sebuleni. Walipiga hodi tukiwa kwenye chai. Bibi aliwafungulia, akawaamkia kama wana wa dada yake, akawavutia viti. Wakasema wanamtafuta mwalimu. Bibi akasema mwenye nyumba ni mzee, anavaa, wasubiri kidogo. Mkubwa wao hakutaka, lakini amelelewa vizuri, nadhani. Mwanamke mzee akikuwekea kikombe mkononi huwezi kukiweka chini haraka.

Mimi niko ndani, navaa. Ninavaa polepole mno. Nimevaa shati, nimelivua, nimevaa jingine. Katikati ya mashati nakuandikia. Naandikia gotini, utaniwia radhi kwa herufi. Nilidhani mtu akifika umri wangu hofu humwacha kama meno. Bado ninayo yote.

Kitanda hiki kimeshapoa. Mlango wa jikoni uko wazi, na Shangazi yako naye hayuko, amekwenda na kanga zake mbili na viatu vyangu vya kanisani, maana miguu yetu sisi wawili, mimi na yule kijana, ni saizi moja. Wameelekea wapi sitakuambia. Barua ina miguu kuliko wao. Hii utaipata kwa mtu ambaye hutamtarajia, usimuulize jina.

Uliniuliza mwanzoni, baraza la namna hiyo la nini. Nilikujibu kwa kurasa, kama kawaida yangu. Sasa naweza kukujibu kwa ufupi, hatimaye: ni la hivi. Wazee wale hawakuizuia sheria. Waliishia kuinyooshea mikono, wote ila Mkunga, na wakajifuta wenyewe kwa mikono hiyohiyo. Lakini waliichelewesha tangu Alhamisi hadi Ijumaa, na kijana mwenye kiatu kimoja akapita katikati.

Wakija kuniuliza maneno ya mtihani ni ya nani, nitasema ni yangu. Nitawaeleza yote, baraza moja na mabaraza mawili, faida na hasara, pamoja na majimbo. Wewe unajua itachukua muda gani.

Bibi amewamiminia chai ya pili. Namsikia akiwauliza habari za mama zao, mmojammoja.

Mkubwa wao amegonga mlango wa ndani. Nimemwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Nyumba hii hodi hupigwa mara tatu."

Amegonga ya pili. Natafuta soksi.

Mumeo,
Babu